Kabla ya Kushika Keekee

Wajukuu zangu mnaosomea uganga,

Wiki iliyopita, siku ya kuondoa matanga ya shemeji yangu hapa Makobola, tulichinja mbuzi wawili. Watu walipokwisha kula, na akina mama wakateremka ziwani kuosha sufuria, niliomba niletewe mifupa ya nyonga. Mmoja wa vijana akacheka, akidhani mzee anamtafutia mbwa chakula. Nikaisugua kwa mchanga na majivu, nikaianika juu ya bati siku nne mpaka ikawa myeupe, kisha nikamwita mmoja wenu aliyekuja likizo kutoka Bukavu.

Ilikuwa asubuhi, jua ndiyo kwanza linapanda kutoka ng'ambo ya Burundi na maji yanameta. Nikamsimamisha mlangoni, nikamwinulia mfupa mmoja mbele ya jua. Nikamwambia: tazama vizuri, usiseme upesi. Katikati ya bawa la nyonga, pale palipo papana, mwanga ulipenya ukawa na rangi ya mafuta ya mawese. Pembeni, kuzunguka kikombe cha paja, ambamo kichwa cha mfupa wa paja hukaa, na kwenye shingo ya mfupa, palikuwa peusi kabisa. Nikamuuliza: ungekuwa na parafujo moja tu, ungeitia wapi? Akaonyesha kidole katikati ya bawa. Kwa nini? Kwa sababu hapo pana nafasi, babu.

Hilo ndilo jibu la karibu kila kijana, na ndilo lililonifanya nikae chini kuandika. Upana wa mfupa ni kitu kimoja, unene wake ni kitu kingine. Parafujo, au vise kama wasemavyo mafundi wetu wa pikipiki, haikamatwi na upana. Inakamatwa na nyama ya mfupa iliyo ndani kati ya maganda mawili. Pale penye kupitisha mwanga, maganda mawili yamekaribia kugusana. Ukitoboa hapo umetoboa kama karatasi, na ncha imetokea upande wa pili kabla mkono wako haujajua.

Mimi si daktari. Nimekuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji zaidi ya miaka thelathini, katika hospitali za ukanda huu wa ziwa na kule juu Bukavu. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha vyombo, kuvipanga, kumpa daktari anachotaka kabla hajakitaja, na kuhesabu vitu kabla tumbo halijafungwa. Mtu anayesimama upande wa pili wa meza huona mengi ambayo mwenye kisu hayaoni, kwa sababu macho ya mwenye kisu yako kwenye kidonda. Nayasema niliyoyaona.

Mnajua nyonga za huku zinavunjikaje. Mkulima anapanda mungazi, yaani mchikichi, kwa kamba kiunoni kukata matunda yake, kamba imelika, anateremka mita nyingi akiwa amesimama, anatua kwa mguu mmoja. Nusu ya nyonga inapandishwa juu kama mlango ulioachia bawaba. Taximoto inagongana na fuso kwenye barabara ya taifa namba 5 kati ya Uvira na Baraka, abiria anabanwa ubavuni. Mwingine anaangukiwa na lori lenyewe, nyonga inafunguka mbele kama kitabu. Na wapo wanaoteremshwa kutoka milimani kwa kipoyi, watu wanne begani, saa nyingi, mgonjwa akitikisika kila hatua. Hao wote ni wagonjwa wenu wa kesho.

Anzeni na miili yenu. Simama, shika kiuno kama mama anayegombana na muuza ndagala. Ule ukingo ulio chini ya viganja vyako ni ukingo wa bawa la nyonga. Ufuate kuelekea mbele mpaka ufike kwenye nundu ngumu inayogongwa na mkanda wa suruali: hiyo ni ncha ya mbele ya juu. Kila daktari anayepima mguu huanzia hapo. Sasa rudi nyuma kama upana wa vidole vitatu vinne, utasikia ukingo unanenepa na kujitokeza nje. Kutoka hapo, ndani ya mfupa, inashuka nguzo nene kuelekea kwenye kikombe cha paja. Bawa ni jembamba, lakini lina nguzo, kama vile kibanda cha udongo kilivyo na miti ndani ya ukuta. Fundi anayetaka kupigilia msumari ukutani huugonga kwanza kwa vidole kutafuta mti. Endelea nyuma hadi kwenye vishimo viwili juu ya makalio. Hapo ndipo ncha za nyuma zilipo, na mstari unaoviunganisha hupita karibu na pingili ya pili ya sakramu. Hujatumia senti moja, wala umeme, na tayari umeushika mfupa sehemu nne.

Kila upande wa nyonga ulikuwa mifupa mitatu ulipokuwa mtoto: bawa juu, mfupa wa kukalia nyuma chini, mfupa wa kinena mbele. Mitatu hukutana ndani ya kikombe kwa gegedu lenye umbo la Y, na gegedu hilo hufunga mtoto anapobalehe. Kwa hiyo mkiona picha ya mtoto wa miaka kumi yenye mstari ndani ya kikombe, msikimbilie kusema umevunjika. Nyuma, kati ya mabawa mawili, imeingia sakramu, pingili tano zilizoungana kuwa mfupa mmoja wenye umbo la kabari. Mbele, mifupa miwili ya kinena imeshikana kwa gegedu. Hiyo ndiyo pete.

Pete ngumu haivunjiki mahali pamoja ikatulia. Chukua biskuti ngumu ya duara yenye tundu katikati, ujaribu kuivunja sehemu moja tu, hutaweza. Daktari kijana akiona mvunjiko wa kinena mbele, anafurahi kwamba ameupata, anaandika, anaondoka. Ule wa nyuma, kwenye sakramu au kwenye kiungo chake na bawa, ndio unaobeba uzito wa mwili na ndio unaoua. Ukipata mmoja, usinyanyuke mpaka umetafuta wa pili.

Na kinachoishika sakramu si umbo lake. Watu husema ni kabari, kwa hiyo imejibana yenyewe. Sivyo. Uzito wa mwili unaisukuma iteleze mbele na chini, na zinazoizuia ni kano nene za nyuma, kama daraja la kamba lilivyoning'inia juu ya mto. Kano zikikatika daraja limekwenda, hata kama mfupa wote ni mzima kwenye picha.

Sasa, kabla ya habari ya parafujo, niwaambie habari ya kikwembe. Wengi wenu mtaanzia kazi kwenye kituo cha afya kisicho na keekee wala mashine ya picha, na hapo ndipo mtakapookoa watu wengi kuliko atakavyookoa bingwa wa mjini. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Nyonga iliyofunguka inaweza kumeza sehemu kubwa ya hizo bila tone kuonekana nje. Chukua kikwembe cha mama, kikunje kiwe na upana wa shubiri, kipitishe chini ya mgonjwa bila kumgeuzageuza, kifunge mbele na ukaze. Lakini kifunge wapi? Hapa ndipo wanapokosea. Nimepokea wagonjwa wengi waliofungwa tumboni, kama mama anayefunga kikwembe kwenda sokoni. Kitambaa cha tumboni hakifungi pete. Kinatakiwa kikae chini zaidi, kwenye ile mifupa miwili ya paja inayojitokeza ubavuni, ile inayokuuma ukilalia mkeka kwa ubavu. Kisha fungeni magoti pamoja, na miguu pamoja, vidole vikiangaliana. Kazeni mpaka nyonga irudi umbo lake, msiipitishe. Msiibonyeze nyonga mara mbili mara tatu kujaribu kama inacheza. Kila mkono unaojaribu unafungua damu iliyokuwa imeanza kuganda. Na mkiona damu kwenye njia ya mkojo ya mwanamume, msisukume mpira wa mkojo. Mpelekeni amelala chali, na barua iandikwe saa mliyofunga.

Hayo nimeyasema kwa urefu kwa makusudi. Parafujo humngoja mtu aliye hai.

Tuje kwenye parafujo. Ndani ya nyonga kuna njia chache ambazo mfupa ni mnene kiasi cha kulaza chuma kirefu bila kutokea nje. Madaktari huziita korido, na jina hilo ni zuri, kwa sababu ni vichochoro kweli: kuta pande zote, na nyuma ya kila ukuta kuna mwenye nyumba ambaye hutakiwi kumgusa. Kuna kichochoro kinachotoka kwenye ncha ya mbele ya chini ya bawa, juu kidogo ya kikombe, kikipita juu ya ule mpindo mkubwa unaopitisha mshipa wa fahamu wa nyuma ya paja hadi kwenye kishimo cha makalioni. Hicho ni kipana na kirefu kuliko vyote, na ndicho kinachoshika vizuri pini za chuma cha nje, kile kinachoishika mifupa kutoka nje ya ngozi. Kuna kile cha mfupa wa kinena kwenda juu ya kikombe: chembamba, kimepinda, na kwa wanawake wengi ni chembamba zaidi. Juu yake inapita mishipa mikubwa ya damu ya paja, chini yake ni kiungo chenyewe cha nyonga, na nyuma ya kinena hupita mshipa ambao wazee wa anatomia waliuita taji la mauti. Hawakuuita hivyo kwa kupenda mashairi.

Na kipo cha tatu, cha kutoka nje ya bawa kuingia kwenye mwili wa pingili ya kwanza ya sakramu. Hiki nitakaa nacho.

Parafujo inayotumika hapo ina unene wa milimita 6.5 hadi 7.3, yenye tundu katikati, ikifuata waya mwembamba uliotangulia. Waya ndio kazi yote. Parafujo inaufuata tu kama ng'ombe anavyofuata kamba. Waya unaingia kupitia ganda la nje la bawa, unapita ganda la ndani, unavuka kiungo, unaingia kwenye bega la sakramu, ndipo ufike kwenye mwili wa pingili. Mbele ya bega hilo, umelala juu ya mfupa kama nyoka juu ya jiwe, ni mshipa wa fahamu wa tano wa kiuno, ule unaoinua kidole gumba cha mguu. Karibu nao ni mishipa mikubwa ya damu. Chini ya waya ni tundu la kwanza la sakramu, na ndani yake mshipa mwingine wa fahamu. Nyuma ni mfereji wa uti. Kwa mtu mwenye mfupa mzuri, nafasi iliyobaki kuzunguka chuma ni ya kuhesabu kwa milimita.

Ndiyo maana picha zinahitajika tatu. Kwanza ya kutoka upande wa kichwa, kama mtu anayechungulia ndani ya beseni: hiyo inakuambia kama waya umekwenda mbele au nyuma. Ya pili kutoka upande wa miguu, ambapo sakramu inakutazama uso kwa uso na matundu yake: hiyo inakuambia juu au chini. Ya tatu ni ya ubavuni, safi, mabawa mawili yakiwa yamelaliana kama viganja: hiyo ndiyo inayoonyesha mteremko wa bega la sakramu. Hakuna picha moja kati ya hizo inayoweza kuongea kwa niaba ya nyingine. Pembe ya kuinamisha mashine ni kama nyuzi 40 kwa kila moja ya mbili za kwanza, lakini inabadilika mtu kwa mtu, kwa hiyo msikariri namba. Inamisheni mpaka mfupa useme.

Niliwahi kusimama kwenye meza ambako picha mbili zilipigwa na ya tatu haikupigwa. Sitataja mahali wala mtu. Mashine ilikuwa imechoka, umeme ulikuwa wa jenereta, saa zilikuwa zimekwenda, na waya ulionekana mzuri kwenye picha zote mbili. Daktari alikuwa mtu mwema mwenye mikono mizuri. Mgonjwa alikuwa kijana dereva wa boti. Sakramu yake ilikuwa ya namna ile ambayo bega limeteremka mno, nasi hatukulijua hilo. Waya ulitoka mbele ya bega, ukapita hewani, ukaingia tena kwenye mwili wa pingili; kwa picha mbili ulikuwa kama haujatoka kamwe. Asubuhi yake nilikwenda kumwosha, nikamwambia: inua kidole gumba. Akaniangalia. Akajaribu tena. Uso wake ulikuwa unainua, mguu haukuinua. Parafujo ilitolewa, lakini nilimwona miaka miwili baadaye bandarini akitembea kwa kuinua goti juu kama mtu anayevuka matope, unyayo ukipiga chini pwa, pwa. Kila nikikumbuka sauti hiyo naikumbuka picha ya tatu.

Sakramu za namna hiyo si za watu wachache. Si ugonjwa, ni umbo tu alilozaliwa nalo mtu. Dalili zake zipo kwenye picha ya kawaida, ukijua kuzitafuta: kichwa cha sakramu kimesimama juu, kinalingana na ukingo wa mabawa badala ya kuzama kati yake, matundu ya juu si ya mviringo, yamekunjamana, kati ya pingili ya kwanza na ya pili kumebaki mabaki ya diski, mabega yana vinundu na yanateremka kwa ukali. Mwenye umbo hilo, kichochoro cha pingili ya kwanza kinaweza kuwa chembamba mno, lakini cha pingili ya pili mara nyingi ni kipana kuliko cha watu wengine. Mfupa unapokunyima huku, mara nyingi unakupa kule. Anayeukosa ni yule aliyekuja na mpango mmoja kichwani.

Na hata pale chuma kilipokaa sawa, kuna kukaza. Mvunjiko ukiwa kwenye kiungo, unaweza kukaza ili mifupa ibanane. Lakini ukiwa umepita katikati ya matundu ya sakramu na mfupa umesagika, ukikaza kwa nguvu zote za fundi gereji utaibana mishipa ya fahamu iliyomo humo. Kabla mgonjwa hajalala kwa dawa, mwambie ainue kidole gumba, akunje nyayo, akuambie kama anasikia unapogusa msamba. Andika. Baada ya kuamka, muulize yale yale. Wengi hawaandiki, na ikitokea hitilafu hakuna ajuaye kama ni ya ajali au ya mkono wetu.

Mtaniuliza: babu, haya yote yanahitaji mashine na skana ambazo huku hatuna, basi tusome ya nini? Swali hilo nimelisikia mara nyingi na lina uchungu wa haki. Lakini msikilize habari ya Wafaransa wawili ambao vitabu vyenu vya Kifaransa vinawataja kila mnaposoma juu ya kotili, yaani kikombe cha nyonga. Robert Judet na mwanafunzi wake Émile Letournel walifanya kazi Paris, na mwaka 1964 walichapa, pamoja na kaka yake Judet, mpangilio wa mivunjiko ya kikombe cha nyonga ambao dunia nzima inautumia hadi leo. Walisema kikombe kimeshikwa na nguzo mbili, ya mbele na ya nyuma, kama herufi Y iliyogeuzwa. Skana haikuwepo. Mgonjwa wa kwanza wa skana alipigwa London mwaka 1971. Hao walikuwa na picha za kawaida, tatu: moja ya mbele, na mbili za kumlaza mgonjwa nyuzi 45 upande huu na upande ule. Na walikuwa na mifupa mikavu mezani, wakiigeuza na kuigeuza mpaka kila mstari kwenye picha ukapata jina la mahali pake kwenye mfupa. Mashine ya picha ya kawaida ndiyo hiyo hiyo mnayoweza kuikuta huku. Kilichobaki ni kuigeuza mifupa.

Kuna jambo jingine linalowapotosha vijana hodari, nami nalisema kwa upendo. Tangu mwaka 1999 shirika la SIGN, lililoanzishwa na daktari Lewis Zirkle huko Richland, jimbo la Washington, Marekani, limesambaza katika nchi zetu msumari wa kutia ndani ya mfupa wa paja na wa ugoko usiohitaji mashine ya picha wakati wa upasuaji. Ni kazi nzuri, na imewasimamisha watu ambao wangelala miezi mitatu wakivutwa na jiwe. Kijana akishatia misumari ishirini bila picha, anaanza kuamini kwamba mkono wake umeota macho. Anaiangalia nyonga, anasema, hata hii nitaiweza. Hapana, mwanangu. Paja ni bomba: msumari ukishaingia ndani ya bomba, bomba lenyewe linauongoza, na kile chombo cha nje kinaonyesha tundu lilipo. Nyonga si bomba. Hakuna kitu kinachouongoza waya ndani yake ila ujuzi wako na picha. Bila mashine ya picha chumbani, parafujo ya sakramu usiitie kwa kubahatisha kupitia ngozi. Iache.

Unachoweza kufanya mahali pasipo na mashine ni chuma cha nje, pini za milimita 5 kwenye ukingo wa bawa, na hata hizo zina adabu yake. Ukingo umejitokeza nje kuliko bawa lenyewe, kwa hiyo ukiingilia katikati ya ukingo na kwenda wima, utatokea nje. Ingilia karibu na upande wa ndani. Rudi nyuma ya ncha ya mbele angalau vidole viwili, kuokoa mshipa wa fahamu wa ngozi ya paja. Pitisha waya mwembamba ukiutelezesha ubavuni mwa bawa kwa ndani, uuache hapo ukuonyeshe mteremko; kisha toboa ganda la juu peke yake, na pini izungushe kwa mkono. Kwa mkono, si kwa mashine. Pini iliyo kati ya maganda mawili hukaza polepole, sawasawa, kama unavyozungusha kizibo cha mtungi. Ikilegea ghafla, umetoka. Rudi, badilisha mwelekeo. Nilikuwa nikimtazama daktari mmoja mzee aliyekuwa akifumba macho wakati wa kuzungusha, na pini zake hazikuwahi kulegea wodini.

Mfupa huu huu, msisahau, ndio mlango tulioingilia sote duniani. Mkoani kwetu nyonga imejulikana zaidi kwa upande huo, kwa kazi ya daktari Denis Mukwege, aliyeanza Lemera, hapo juu ya bonde la Ruzizi, mwaka 1983, kabla ya kuanzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999. Binti aliyevunjika nyonga na mfupa ukaunga vibaya anaweza kutembea bila shida na asijue kitu hadi siku ya uchungu. Mwandikieni kwenye kadi yake. Mwambieni yeye na mama yake: ukibeba mimba, nenda hospitali mapema, usingoje.

Neno kuhusu mifupa ya kujifunzia. Vijana wa nchi nyingine hujifunza kwa mifupa ya watu. Hapa kwetu nakataza, wala sitaki mabishano. Mnajua kilichotokea hapa kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 ilisema waliouawa hapa na katika vijiji jirani walizidi 800. Wengine walizikwa kwa haraka, wengi katika shimo moja. Katika ardhi hii mfupa wa mtu ni wa mtu fulani, na mama yake au mwanawe huenda amekaa jirani yako kanisani. Hatuuokoti, hatuufunui, hatuuweki mezani. Tumieni mbuzi kujifunza unene, mkijua kwamba mbuzi anatembea kwa miguu minne na nyonga yake ni ndefu na nyembamba, kwa hiyo ramani yake si ramani ya mtu. Kwa ramani, tafuteni nyonga ya plastiki. Shule zenu zinazo, na mwanafunzi mkarimu huweza kukuazima jioni. Chukua waya wa baiskeli ulionyooshwa, uupitishe ndani ya ile plastiki kwenye kila kichochoro nilichotaja, ukifumba macho. Kisha fumbua uone ulipotokea. Fanya mara hamsini. Nimefanya hivyo na wanafunzi kadhaa barazani kwangu, na sijamwona aliyefika mara ya kumi bila kuubadilisha mkono wake.

Ile nyonga ya mbuzi iko juu ya kabati langu, imefungwa kwa kipande cha kikwembe, pamoja na nyonga ya plastiki niliyoachiwa na daktari mmoja aliyestaafu na nyaya tatu za baiskeli. Nyumba yangu iko upande wa ziwa, yenye mwembe mbele. Yeyote kati yenu anayerudi Bukavu masomo yakifunguliwa, apite kwangu asubuhi kabla jua halijawa kali. Tutaishika pamoja.